Alama Kifuani mwa Garland Tidmore

Tarehe 3 Februari 1979, saa tano na robo asubuhi, Vonceil Hargett alionekana kwenye televisheni ya Chaneli 9 ya Pruitt Springs, Alabama, akimchoma mwanamume pajani kwa pini ndefu ya kushikizia kofia. Mkanda upo. Anainuka kutoka safu ya kwanza ya viti, amevaa koti la kijani, na yule mwanamume, mwanamieleka aliyetangazwa kila wiki kuwa Mnyongaji wa Detroit, anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Studio nzima inashangilia. Hakuna hata mmoja kati ya washangiliaji wale aliyejua kwamba Mnyongaji wa Detroit hakuwahi kufika Detroit. Alizaliwa maili chache kutoka hapo studioni, jina lake Dorsey Hargett, na Vonceil alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Pini haikuwa ya Vonceil. Alipewa na jirani yake wa kiti, mjane mmoja mcha Mungu aliyekuwa na desturi ya kuja na pini mbili.

"Shika, mwanangu," mjane alimwambia. "Mimi nilimchoma wiki iliyopita. Leo zamu yako."

Dorsey alikuwa ameegemea kamba za ulingo akiwatukana akina mama wa Alabama kwa lafudhi ya kaskazini aliyojifunza redioni. Akamwona dada yake ana pini mkononi, akamkonyeza. Maana yake ilikuwa moja tu: choma. Angesita, mjane angejiuliza kwa nini. Akachoma.

Jioni ile alimpaka iodini jikoni kwa mama yao, mapazia yamefungwa.

"Dada, ndiyo nini sasa?"

"Si ulinikonyeza?"

"Nilikukonyeza unichome. Sikukukonyeza unitafute mfupa."

Mama yao alicheka mpaka akaketi chini.

Ndivyo walivyoishi. Katika mieleka ya televisheni ya siku zile, watu wa kazi walikuwa na siri moja iliyowalisha wote, nayo ni kwamba uadui wa ulingoni ulikuwa umepangwa. Shujaa na adui hawakula mgahawa mmoja, hawakuabudu kanisa moja, hawakupanda gari moja mchana kweupe. Vonceil, ambaye kazi yake ilikuwa kusuka na kutengeneza nywele za wanawake, ndiye aliyezipaka nywele za kaka yake dawa mpaka zikawa za manjano kama mahindi. Dorsey alifika nyumbani kwa kupitia shamba la nyuma, kichwa kimefunikwa. Miaka minne hakukanyaga kanisa alimobatiziwa. Adui mkubwa hivyo hana kwao.

Shujaa aliyepambana naye alikuwa Garland Tidmore, mzaliwa wa Pruitt Springs, kifua kipana, meno yote yapo, kijana ambaye kila mama wa kaunti ile angempa binti yake.

*

Vonceil sasa ana miaka sabini na moja. Bado anakata nywele za watu siku za Jumanne na Ijumaa, na kila Jumamosi saa tano asubuhi, saa ileile ya zamani, anaendesha kipindi katika kituo kidogo cha televisheni cha mji, ndani ya chumba kilichokuwa cha dobi. Kazi yake ni kuonyesha mapambano ya zamani na kuyachambua. Anasimamisha picha, anasogea kwenye kioo na rula ya mbao, anasema.

"Hapa ngumi imepita mbali na shavu, pangepita sahani. Na huyu ameanguka kama mti. Aibu si ya aliyepiga. Ni ya aliyeanguka kabla hajapigwa."

Wanamieleka wachache walio hai wanamwogopa kuliko daktari wao. Mmoja alimpigia simu kutoka Tuscaloosa.

"Bi Vonceil, umewaambia watu nilikuwa nakimbia kama bata."

"Sikusema hivyo."

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nilisema bata anayetafuta pa kutagia. Usinipunguzie maneno."

Vituo vya televisheni vya zamani vilifuta mikanda yao na kurekodi juu yake taarifa za hali ya hewa, hivyo kinachoonyeshwa kwenye kipindi kinatoka majumbani mwa watu, kwenye maboksi yaliyokaa darini. Watu wanamletea pamoja na njugu za kuchemsha na habari za wagonjwa. Yeye anapokea yote, anashukuru, na anapobaki peke yake anasoma tarehe zilizoandikwa kwenye migongo ya mikanda. Hoyt Clemmer, fundi umeme mstaafu anayeshika kamera, alidhani ni mapenzi ya mchezo. Hayakuwa mapenzi. Kuna Jumamosi moja aliyokuwa akiitafuta, ya tarehe 10 Machi 1979.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, Alhamisi, Garland na Dorsey walipigana katika ukumbi wa mji wa jirani. Baada ya pambano walitoka kwa milango tofauti kama kawaida. Garland alipanda gari la promota, Wade Sizemore. Dorsey alipanda gari lake mwenyewe. Wakakutana nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa, na hapo Garland akahamia gari la Dorsey, kwa sababu lilikuwa kubwa na alipenda kuliendesha, na chupa yao ya wiski ilikuwa humo. Wade akafuata nyuma. Kwenye daraja la Cane Creek gari lilihama upande wake wa barabara na kuligonga gari dogo la Estelle Pounds, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akitoka mazoezi ya kwaya. Mwalimu alifia pale pale.

Wade alifika kabla ya polisi. Alimshika Garland makwapani, akamtoa kwenye kiti cha dereva, akamtia katika gari lake. Kisha akarudi kwa Dorsey, aliyekuwa upande wa abiria, mkono wa kulia umevunjika, paji la uso limepasuka kwenye kioo.

Hamwezi kukutwa gari moja, akamwambia. Kazi ya watu wote itakufa. Sema ulikuwa peke yako, gari si lako? Nitakuletea wakili. Pamba haitavunwa kabla hujatoka, na ukitoka ubingwa ni wako.

Dorsey alikubali. Kwa miaka minne alikuwa amefundishwa kwamba siri ya kazi inatangulia kila kitu, mpaka dada yake mwenyewe alimtoboa paja kwa ajili yake. Lilikuwa kosa ambalo mtu wa kazi nyingine yoyote asingelifanya.

Wakili hakuja. Baraza la raia walioamua kesi yake lilikuwa la watu wa kaunti, waliomwona kila Jumamosi akiwapiga wenzake kwa viti, nao walimaliza kazi yao kabla chakula cha mchana hakijapoa. Akafungwa miaka mitano. Alipotoka, mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja kuku, akafa mwaka 1993 akiwa anajulikana na watoto wa mji kuwa yule muuaji wa Detroit.

Ukweli alimwambia Vonceil peke yake, katika chumba cha wageni cha gereza, kwa sauti ya mtu anayesema leo kuna baridi. "Dada, mimi sikushika usukani."

Vonceil alikwenda kwa mkuu wa polisi siku ileile. Mkuu wa polisi alimvutia kiti.

"Bi Vonceil," alimwambia kwa upole, "kaka yako alikuwa analipwa ili adanganye."

Mke wa Garland aliapa kwamba mumewe alikuwa nyumbani amelala. Garland akapata ubingwa, baadaye duka la samani, baadaye ushemasi. Dorsey alipokufa, Garland alituma paja zima la nguruwe wa kuokwa, limefungwa utepe. Vonceil aliwapa mbwa wa jirani, akasimama uani akiwatazama mpaka mfupa ukabaki mweupe.

Kitu kimoja alikuwa nacho. Wiki chache baada ya ajali alikwenda yadi ya vyuma chakavu na spana ya baba yake, akaufungua usukani wa gari la Dorsey. Ulikuwa umepinda upande wa chini, umezama ndani kama sahani ya bati iliyokaliwa. Kifua cha mtu ndicho kilichoupinda. Na Vonceil, aliyemwosha kaka yake hospitalini, alijua kwamba kifua cha Dorsey hakikuwa na hata mkwaruzo. Aliutundika usukani ule kwenye msumari karibu na meza ya kupigia pasi, na ukakaa hapo. Mchungaji alipomtembelea mara moja akauona.

"Kwa nini usiutupe tu, dada Vonceil? Unakutia uchungu."

"Bado sijamaliza nao."

*

Mkanda ulikuja Mei mwaka huu wa 2019. Binti wa marehemu mmoja, muuza mbegu, alileta boksi la baba yake, na katikati yake palikuwa na Jumamosi ile. Vonceil alifunga mlango wa kituo, akaketi na kikombe cha kahawa.

Garland anaingia ulingoni amevaa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Hilo peke yake lilimfanya Vonceil aweke kikombe chini, maana Garland Tidmore hakuwahi kuingia ulingoni na shati. Anatembea kama mzee. Mpinzani wake, kijana asiye na jina, anamshika kola na kulipasua shati kutoka juu hadi chini, kwa namna inayoonyesha wazi kwamba ameagizwa. Kamera inasogea. Kifuani mwa Garland, chini kidogo ya matiti, kuna upinde wa zambarau, mpana kama kidole gumba, umekaa kama nusu ya sahani.

"Tazameni!" mtangazaji analia. "Tazameni mnyororo wa yule mnyama wa Detroit ulivyomfanya! Na mnyama huyo leo yuko mikononi mwa polisi, ametuulia mwalimu wetu!"

Vonceil alirudisha mkanda nyuma na kuutazama upya. Akaelewa kosa la Wade Sizemore. Katika kazi ile damu ilitafutwa kwa kipande cha wembe kilichofichwa kwenye bandeji, na maumivu yalitengenezwa kwa uso. Jeraha la kweli, kubwa hivyo, na bure, lilikuwa zawadi ambayo promota hakuweza kuiacha ipotee. Alhamisi alimficha Garland polisi wasimwone. Jumamosi akakionyesha kifua chake kwa kaunti nzima, akaweka na mtangazaji wa kuwaambia watu wanachokiona. Na watu wakaona walichoambiwa.

Hakulia. Alikunywa kahawa yake ikiwa imepoa, kisha akapiga simu.

"Garland. Vonceil Hargett hapa."

Upande wa pili sauti nzito ikacheka. "Bi Vonceil! Nakutazama kila Jumamosi. Mke wangu ananiambia zima hiyo, unapandisha presha bure. Hujawahi kunisifu hata siku moja."

"Basi njoo ujitetee."

Alijua angekuja. Baraza la mji lilikuwa limeamua kuupa ukumbi wa michezo jina lake, na sherehe ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Baada ya hapo alikuwa anahamia Florida kwa binti yake. Kukataa kuhojiwa na dada wa Dorsey katika wiki kama hiyo kungewafanya watu waulize. Na zaidi ya hayo, Garland hakuwahi kuikataa kamera maishani mwake.

*

Alifika Jumatano alasiri amevaa buti nyeupe na kubeba keki ya nazi iliyopikwa na mkewe. Ana miaka sabini na nne na kifua bado kipana, ingawa kimeteremka.

"Hoyt, mzee mwenzangu, hii kamera yako inaweza kunipunguza tumbo?"

"Hii ni kamera, Garland. Miujiza uliza kanisani kwako."

"Bi Vonceil, keki hii nimekuletea unilainishie maneno."

"Weka pale."

Akaiweka. Wakaketi kwenye viti viwili mbele ya televisheni, meza fupi katikati, kitambaa cha meza kimeshuka mpaka sakafuni. Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

Vonceil alianza na mkanda wa pini ya kofia. Garland alicheka mpaka akatoa leso.

"Hapo nilikuwa nyuma ya pazia," alisema. "Dorsey akarudi anachechemea, anasema, jamani, mwanamke wa koti la kijani si mtu mzuri. Sisi tunajua ni dada yake! Tulicheka siku mbili."

"Alinyamaza lakini," Vonceil alisema. "Hakumwambia mjane kwamba mimi ni damu yake."

"Hakusema. Dorsey alikuwa mtu wa kazi. Hakuna aliyetunza siri kama yeye."

"Hakuna," Vonceil alikubali, akabadilisha mkanda.

Huu ulikuwa wa tarehe 3 Machi, siku tano kabla ya ajali. Mnyongaji wa Detroit anatoka nyuma ya pazia na mnyororo wa kuvutia magogo, anampiga nao Garland mara tatu. Vonceil alisimamisha picha na kuigusa kwa rula.

"Nifundishe, Garland. Watu wanaona mnyororo unashuka kwa nguvu. Unashukia wapi?"

Siri ya kazi ilikuwa imekufa zamani, kila mtu siku hizi anaisimulia, na wazee wa mieleka hawana starehe kubwa kuliko kueleza walivyokuwa wakifanya. Garland alisogea mbele kwenye kiti. Uso wake ukawa wa kijana.

"Mgongoni. Tazama mguu wangu wa kushoto. Naanza kugeuka kabla hajainua mkono. Mnyororo unakuja bapa, kwenye nyama ya juu ya mgongo. Unauma, sikatai. Lakini hauvunji kitu."

"Na kifuani je?"

"Kifuani? Thubutu! Chuma hakipokelewi kifuani, Bi Vonceil. Pana moyo, pana mbavu. Mwanafunzi wa wiki moja anajua. Dorsey angenipiga kifuani ningemfukuza hadi Mississippi."

"Hakukupiga kifuani siku hiyo."

"Si umeona mwenyewe? Yote mgongoni."

"Wala siku nyingine?"

"Si yeye, si mwingine. Miaka yangu yote ulingoni hakuna aliyenigusa kifua kwa chuma. Waandike hivyo kwenye ukuta wa ukumbi."

Vonceil hakushangaa kumsikia. Mtu huulinda uongo alioutunga mwenyewe, na uongo wa mnyororo haukuwa wa Garland, ulikuwa wa mtangazaji. Alikwisha kuusahau. Mkanda wenyewe aliamini umefutwa kama mingine yote.

"Hoyt," alisema Vonceil, "msogelee Bwana Garland kidogo." Akaweka mkanda wa tatu.

Shati likapasuka. Upinde wa zambarau ukajaa kwenye kioo. Mtangazaji akalia kuhusu mnyororo na mnyama. Vonceil akasimamisha picha.

Garland alitazama. Mkono wake wenye leso ulipanda polepole ukakaa kifuani, mahali palepale.

"Hiyo," alisema, "hiyo ni... ya mnyororo."

"Umesema sasa hivi hakuna."

"Nimesahau. Miaka mingi, Vonceil."

"Mnyororo unaacha duara?"

Vonceil aliinama, akainua kitambaa cha meza kama wanamieleka wanavyoinua pazia la ulingo kutafuta chuma kilichofichwa chini, akautoa usukani. Aliuweka mezani mbele ya Garland, upande uliopinda ukimwelekea. Hakuna aliyehitaji kuulizwa kitu. Upinde ulikuwa kwenye kioo, upinde ulikuwa mezani.

Hoyt alitoa kichwa nyuma ya kamera. "Bi Vonceil, nizime?"

"Ukizima, Hoyt, tafuta mtu mwingine wa kukukata nywele."

Hoyt akarudisha kichwa.

"Nilimwosha Dorsey kwa mikono yangu," Vonceil alisema. "Kifua chake kilikuwa safi kama cha mtoto. Huu nimeupigia pasi kando yake miaka arobaini nikijiuliza niutafutie kifua chake wapi. Wade amenitafutia."

"Wade alikufa," Garland alisema.

"Najua. Nilikwenda mazishini kuhakikisha."

"Ilikuwa kazi, Vonceil. Ulikuwepo. Unajua ilivyokuwa. Watu watano walikula kwa mkono wangu na wa Dorsey. Wade alisema atamtoa."

"Na ulipoona hatoki, ulifanya nini?"

Garland alifuta uso. "Nilituma nyama msibani."

"Mbwa walishukuru."

Alisimama nusu, akaangalia mlango, akaiangalia taa nyekundu. Vonceil hakusogea kumzuia. Alisubiri mpaka aliporudi kitini, kisha akamuuliza swali alilokuwa amelitunza kuliko yote.

"Unasema ilikuwa kazi. Sawa. Tuongee kazi. Mwanamieleka anayehama, anakwenda kufanya kazi kwa promota wa mbali, usiku wake wa mwisho anafanya nini?"

Garland alifumba macho. Ilikuwa sheria ambayo hata walevi na wezi wa kazi ile waliiheshimu. Anayeondoka humwachia ushindi anayebaki. Analala chali katikati ya ulingo, mabega yote mawili chini, mwamuzi anahesabu moja, mbili, tatu, na watu wote wanaona. Asipofanya hivyo jina lake linanuka kila aendako.

"Analala," alisema.

"Unahamia Florida lini?"

"Jumatatu."

"Haya."

"Dorsey hayupo, Vonceil. Nimlalie nani?"

"Mimi nipo. Sikuhama."

Garland aliutazama usukani, akapitisha kidole kwenye mahali palipopinda, akakitoa haraka. Alipoongea, aliongea kama wanavyoongea wanaume wawili nyuma ya pazia kabla muziki haujaanza.

"Unataka iishe vipi?"

"Safi. Katikati ya ulingo. Pasiwe na mguu kwenye kamba wa kuzuia hesabu."

Garland aligeuza kiti. Hakuhitaji kuonyeshwa kamera ilipo. Akainua kidevu, akatazama moja kwa moja kwenye jicho lake.

"Naitwa Garland Tidmore. Tarehe nane Machi, mwaka sabini na tisa, kwenye daraja la Cane Creek, dereva nilikuwa mimi. Nilikuwa nimelewa. Dorsey Hargett alikuwa kiti cha abiria, amesinzia. Mimi ndiye niliyemuua Estelle Pounds. Nikaondoka, nikamwacha Dorsey afungwe. Mke wangu aliapa uongo kwa sababu nilimwomba. Lakini nataka watu waelewe kwamba siku zile..."

"Inatosha," Vonceil alisema. "Umeshahesabiwa tatu."

Taa nyekundu ikazimika. Hoyt alijishughulisha na waya ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Garland alibaki ameketi, mikono kati ya magoti, akipumua kwa mdomo kama mtu aliyetoka kupigana kweli.

"Utanisamehe?" aliuliza.

"Sikukuitia hilo."

"Basi niambie kitu, Vonceil. Unawachambua watu wote. Nimefanyaje?"

Alimfikiria kwa haki, kama anavyomfikiria kila mtu.

"Ulikawia sana kwenda chini," alisema. "Lakini ulipoanguka, umeanguka sawasawa. Mabega yote mawili."

Garland aliinamisha kichwa kukubali, kama aliyepokea alama aliyoitegemea. Alipofika mlangoni aligeuka. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ngoja sherehe ipite. Wajukuu zangu wote wanakuja. Kirushe wiki ijayo, nitakuwa nimekwenda. Ninakuomba."

Vonceil aliwafikiria wajukuu. Akamfikiria pia mtoto wa Estelle Pounds, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na ambaye mpaka leo anapopita mbele ya nyumba ya Hargett hutema mate njiani. Mama Hargett alikuwa akiyamwagia maji mate yale kila asubuhi, mpaka alipokufa, bila kujua kwamba hayakumhusu.

Akachukua keki ya nazi pale ilipowekwa, haijakatwa, akamrudishia mikononi.

"Hoyt, mfungulie mlango," alisema. "Mikono yake imejaa."

Gari la Garland lilikaa muda mrefu bila kuwashwa. Vonceil hakuchungulia dirishani. Aliandika tarehe kwenye mgongo wa mkanda mpya, akamwita Hoyt watengeneze nakala mbili, moja ya mkuu wa polisi wa kaunti na moja ya mtoto wa Estelle Pounds, kisha akaufuta usukani kwa kitambaa chenye mafuta na kuurudisha kwenye mfuko aliokuja nao.

Kipindi kitarushwa Jumamosi saa tano asubuhi. Sherehe ya kuupa ukumbi jina la Garland Tidmore imepangwa kuanza saa nane mchana, siku hiyohiyo.